Sharifu Aliyehamia Langoni

Leo nawapeleka Lamu. Tutakaa na mtu mmoja ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake katika kasida au kwa wazee waliokwenda ziara: Habib Saleh bin Alawi Jamalilail, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha. Ucha Mungu wake unatajwa sana, na unyenyekevu wake pia. Nataka tuutazame unyenyekevu huo mahali ulipofanyika, mtaani, kati ya watu waliokuwa na sababu ya kumpenda na wengine waliokuwa na sababu ya kumchukia.

Ukiteremka gatini Lamu ukauelekea mji, mkono wako wa kulia ni Mkomani na mkono wa kushoto ni Langoni. Mkomani ndiko zilikoota nyumba za mawe na chokaa, zenye milango ya nakshi, madaka ya kukaribishia wageni na kuta za zidaka zilizochongwa kwa ustadi wa kustaajabisha. Ni mtaa wa waungwana. Langoni, katika karne ya 19, ilikuwa zaidi nyumba za udongo na makuti: wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut, mabaharia, wavuvi, mahamali, na watu waliotoka utumwani au waliozaliwa na watumwa. Njia kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni ya dakika chache tu kwa miguu. Lakini zipo safari fupi ambazo mtu wa heshima anaweza kuishi umri wake wote bila kuzifunga.

Lamu ya zama hizo ilikuwa na mali. Majahazi yalipakia pembe za ndovu, boriti za mikoko na nafaka, na mashamba ya bara upande wa pili yalilimwa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Utumwa wenyewe, katika pwani ambayo leo ni ya Kenya, haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini palikuwa na hali ya kati, ambamo mtu alikuwa si bidhaa tena lakini bado hajawa mtu kamili machoni pa jirani yake.

Na elimu ilifuata mpaka huohuo wa mwungwana na mtumwa. Mtumwa alisilimishwa, akafundishwa kutawadha na sura za kumtosha kusalia, basi. Fikihi, nahau ya Kiarabu, tafsiri, vitabu vya tasawwuf, hivyo vilikuwa urithi wa nyumba chache, na baba alimpa mwanawe kama alivyompa shamba. Hakuna aya iliyoamuru hivyo. Dini ambayo mwadhini wake wa kwanza alikuwa Bilali, mtu aliyeteswa akiwa mtumwa kwa kumtamka Mungu mmoja, haina mahali pa kuificha elimu nyuma ya ukoo. Waungwana wa Lamu walimjua Bilali vizuri sana. Walisoma habari zake na kulia. Hilo ndilo linalonigusa kila ninaporudi kwenye historia hii: watu wanaweza kupenda dini kwa moyo wa kweli, wakaswali kwa wakati, na wasione dhuluma iliyokaa sebuleni mwao.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake wa Jamalilail ulitoka Hadhramaut, ukapitia Pate, matawi yake yakatia mizizi Komoro. Akaja Lamu angali kijana, kwa jamaa zake waliokwisha kutangulia huko, akasoma kwa mashekhe wa mji. Alikuwa sharifu, wa kizazi cha Mtume, na kwa cheo hicho peke yake angeweza kubusiwa mkono, akapewa mke wa nyumba kubwa na kiti cha mbele katika kila hitima. Angeishi Lamu kwa raha bila kumuudhi mtu.

Ili tuelewe alichokifanya, turudi nyuma kidogo, Hadhramaut. Masharifu wa huko wana njia yao ya kiroho, iitwayo tarika ya Alawiya, na mzizi wake unafika kwa Muhammad bin Ali, al-Faqih al-Muqaddam, aliyefariki katika mji wa Tarim mwaka 1255. Inasimuliwa kwamba alivunja upanga wake hadharani, na hilo halikuwa jambo dogo katika nchi ambayo kila ukoo uliishi kwa silaha. Tangu hapo masharifu wa Tarim wakajitambulisha kwa elimu na ibada, silaha wakawaachia makabila. Katika karne ya 17 akatokea Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyepoteza macho kwa ndui angali mtoto mdogo, akawa mwalimu wa maelfu hadi alipofariki mwaka 1720. Ninyi mnaosoma Ratibu ya Haddadi baada ya isha, huyo ndiye aliyeipanga. Hebu itazameni ratibu yenyewe ilivyo: ni fupi, maneno yake yanajirudia, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuihifadhi ndani ya wiki chache kwa kukaa tu na wenzake. Aliyeipanga alijua kuwa mkulima na msafiri nao wana haki ya kumkumbuka Mola wao bila kungoja wawe wanazuoni.

Njia hiyo haitaki makubwa kwa nje. Inataka nia isafishwe, nyiradi zisiachwe, Ihya ya Imamu Ghazali isomwe na ifanyiwe kazi, na mtu akimbie sifa kama wengine wanavyozikimbilia. Mashekhe wake walisisitiza kwamba afadhali ubaki hujulikani kuliko kujulikana ukaharibika. Na walisisitiza tabia kabla ya yote, kwa kuwa Bwana Mtume mwenyewe alieleza kuwa kutumwa kwake ni kwa ajili ya kuzikamilisha tabia njema. Ni mafundisho yanayosomwa hadi leo. Kazi ni kuyapeleka mtaani.

Habib Saleh aliyapeleka Langoni. Alihamia huko akakaa katika nyumba ya udongo na makuti, akafungua darasa, na akamkaribisha aliyetaka kusoma. Wakaja waliokuwa watumwa na watoto wao. Wakaja Wangazija, Washihiri wanyonge, vijana wa visiwa vya jirani. Waliketi mkekani bega kwa bega na watoto wa masharifu, wakafundishwa vitabu vilevile. Sharifu akala nao, akazuru wagonjwa wao, akazika maiti wao.

Naomba tusipite haraka hapa, maana jambo hili husimuliwa kama wema wa tabia tu, kisha tukasema masha Allah tukaendelea. Lilikuwa jambo zito zaidi ya hapo. Kijana aliyetoka utumwani akijifunza fikihi, anajua kwamba nikaha yake ina haki zilezile, kwamba ushahidi wake una uzito, kwamba anaweza kusimama mbele akasalisha. Akijifunza Kiarabu hana haja tena ya kungoja mtu wa Mkomani amwambie kitabu kimesema nini. Kila somo lililotolewa chini ya makuti yale liliondoa tofali moja katika ukuta uliojengwa kwa vizazi. Waungwana waliliona hilo kwa haraka kuliko wapenzi wa Habib Saleh walivyoliona, na ndiyo maana walinung'unika. Manung'uniko yale yalikuwa na akili ndani yake. Walijua wanachopoteza.

Na usahili wake wa maisha ulikuwa na kazi. Watu wengi waliwahi kuvaa nguo duni ili waonekane mawalii. Kwake, nyumba ya makuti ilimfanya afikike. Hamali aliyetoka gatini na jasho lake, akiwa na swali la talaka au la deni, angeogopa kupiga hodi mbele ya daka la Mkomani. Mlango wa nyumba ya udongo aliuzoea, ulifanana na wake. Mimi naamini, baada ya kusoma niliyosoma, kwamba hapa ndipo uchaji na historia vinapokutana kwa mtu huyu. Hakuacha dunia akajifungia. Aliacha starehe fulani ili watu fulani waweze kumfikia, na ukichunguza maamuzi yake karibu yote yanaelekea huko.

Sasa tuje kwenye matwari, ngoma ndogo zinazopigwa pamoja na kasida za maulidi.

Huko Seiyun, Hadhramaut, aliishi mwanachuoni mkubwa, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Alijenga msikiti uitwao Riyadh na chuo cha wanafunzi wa mbali, na akaandika maulidi iitwayo Simtu Durar. Habib Saleh alimchukua kuwa mwongozo wake. Msikiti ulipojengwa Langoni, wakati karne ya 19 inakwisha na ya 20 inaingia, ulipewa jina la ule wa Seiyun, na maulidi ya al-Habshi ikawa ndiyo maulidi yake.

Lamu haikuwa ngeni kwa maulidi. Ile ya Barzanji ilisomwa kwa utulivu, na Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi wa mji huohuo, alikuwa ameitia katika tungo za Kiswahili. Kilichowashtua watu ni kusikia matwari yakipigwa msikitini, vijana wamejipanga safu, wanayumba pamoja, kasida zinapokewa kwa sauti moja. Wakubwa wa mji wakasema hii ni ngoma, na ngoma ni mambo ya watumwa. Maneno hayo ya pili yanatuonyesha kwamba ubishi ule haukuwa wa kifikihi peke yake. Wapo waliopinga kwa dalili, wakiuliza kama inafaa kupiga chombo ndani ya nyumba ya ibada, na hoja hiyo inaheshimika, bado inajadiliwa na wanazuoni hadi sasa. Ila wapo waliochukia kwa sababu mapigo yale yalikuwa ya Langoni.

Kuna jambo la ualimu ndani ya matwari. Darasani, anayejua herufi ndiye anayetangulia. Katika kasida, anayetangulia ni mwenye kumbukumbu na pumzi, na mtu asiyewahi kushika kalamu huweza kubeba usiku mmoja sira ya Mtume kutoka kuzaliwa kwake hadi sifa za tabia zake: upole wake, haya yake, namna alivyokaa na maskini, alivyoshona kiatu chake mwenyewe. Wanaume waliofundishwa tangu utotoni kwamba kushona kiatu ni kazi ya aliye chini, waliimba kwamba mbora wa viumbe alishona cha kwake. Sijui hotuba gani ingeyafikisha maneno hayo vizuri zaidi.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, mji ukiwa umekwisha kubadilika. Waliompinga, au watoto wao, wengi walikuwa wamekuja Riyadha, na Maulidi ya Lamu ikawa mkusanyiko mkubwa wa pwani yote. Katika siku za mwisho za Mfungo Sita, watu huja kutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Komoro na kwingineko, wakasoma, wakala pamoja, wakazuru makaburi na kuandamana mjini kwa kasida. Wanafunzi wa Riyadha walifungua madrasa katika miji na vijiji vingi. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na maulidi hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoufanya mji huo uishi, usiwe mawe ya kutazamwa tu. Msikiti una pia hazina ya miswada ya kale, ambayo imepigwa picha za kidijitali ili isipotee kwa unyevu na mchwa.

Nitasema na upande mwingine, kwa kuwa kipindi hiki ni cha historia. Watafiti waliokaa Lamu waligundua kwamba heshima iliyoondoka kwa waungwana haikusambaa sawasawa kwa kila mtu. Sehemu kubwa ilihamia kwa masharifu. Mtoto wa aliyekuwa mtumwa alipata elimu, akasalisha, akafundisha, lakini nasaba ilibaki kuwa nasaba, na mkono wa kubusiwa ukabaki mkono wa ukoo. Habib Saleh hakuyamaliza yote, na kumpenda hakutulazimishi tudai kwamba aliyamaliza. Kazi aliyoianza ilikuwa ya kufungua darasa. Nani aendelee kukaa mbele katika darasa hilo ni suala lililobaki kwa waliokuja baada yake, na lingalipo.

Na kuna pengo jingine linaloniuma. Majina ya masharifu wa Riyadha tunayo, nasaba zao zimeandikwa baba kwa baba. Ya wale wanafunzi wa kwanza wa Langoni, waliokuja kutoka mashambani bara na vibandani, waliokariri kasida kabla ya kujua alifu, ni machache sana yaliyoandikwa. Baadhi yao walirudi kwao wakafungua vyuo chini ya miembe. Wajukuu wao wapo, pengine mmoja wenu ananisikiliza sasa hivi akiwa Hindi, Witu, Faza au Malindi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayemkumbuka babu aliyesoma Riyadha siku zile, keti naye wiki hii na daftari. Muulize mzee wako babu huyo alisoma kitabu gani, alikaa na nani, alifundisha wapi, na jina lake lilikuwa nani kabla hajaitwa mwalimu. Tuleteeni habari hizo, tutazisoma hapa.