Sarafu za Zamani Ziko Chini Kiasi Gani?

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kitendaguro, Bukoba)



Juma lililopita mama mmoja wa darasa letu alileta sarafu. Aliipata alipokuwa akipalilia migomba. Ina tundu katikati. Tuliiosha kwa maji, tukaisoma pamoja: 10 HELLER, mwaka 1910. Hiyo ni fedha ya wakati wa Wajerumani.

Tulimwuliza mama, "Ilikuwa chini kiasi gani?" Akajibu, "Jembe moja tu. Haifiki shubiri."

Wengi wenu hamkukubali. Mzee wetu mmoja akasema, "Fedha ya Mjerumani haiwezi kuwa juu namna hiyo. Kitu cha zamani kiko chini kabisa!"

Jambo hili si la mzaha. Tunamfahamu kijana aliyechimba shimo la kimo cha mtu katika kibanja cha baba yake. Mgeni mmoja alikuja na chombo cha kutambulia metali, kile ambacho vijana hukiita detekta. Akasema chini kuna sanduku la rupia. Kijana akampa fedha zake za kahawa. Mgeni akaondoka, hakurudi. Shimo halikuwa na kitu. Migomba mitano imeanguka.

Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya swali hili: sarafu za zamani ziko chini kiasi gani?

Kwanza tujue ni sarafu zipi. Wazee wetu wa Buhaya walitumia simbi kama fedha. Wajerumani walianza kituo chao cha Bukoba mwaka 1890. Fedha yao ilikuwa rupia. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye, tangu miaka ya 1904 na 1905, rupia moja ikawa heller 100. Mwaka 1916, wakati wa vita, walitengeneza sarafu huko Tabora katika karakana ya reli. Nyingine zilikuwa za dhahabu, zenye picha ya tembo. Hizo za dhahabu zilikuwa karibu 16,000 tu. Lakini heller zilitengenezwa kwa mamilioni. Ndiyo maana heller moja si utajiri. Waingereza walileta shilingi na senti tangu mwaka 1921. Shilingi yetu ya Tanzania ilianza mwaka 1966.

Sasa, sarafu ikianguka, inazamaje? Haizami kama jiwe ndani ya maji. Inafunikwa kidogo kidogo. Nyungunyungu hula udongo wa chini na kuutoa juu. Mchwa nao hupandisha udongo. Mvua huleta udongo kutoka mlimani. Na sisi wenyewe hutandaza nyasi na samadi katika kibanja kila mwaka. Nyasi zinaoza, zinakuwa udongo.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Charles Darwin, alilipima jambo hili. Mwaka 1842 alitawanya vipande vya chokaa juu ya shamba la majani. Mwaka 1871 akachimba. Miaka 29 ilikuwa imepita. Alikuta chokaa iko chini sentimeta 18 hivi. Haifiki shubiri moja! Kazi hiyo ilifanywa na nyungunyungu.

Lakini kuna mambo yanayorudisha vitu juu. Jembe hupindua udongo. Mvua kwenye mteremko huchukua udongo wa juu, na kitu cha chini kikaonekana. Pwani, upepo hufunua mchanga. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa kisiwa cha kwao. Sarafu hizo zilikuwa na umri wa mamia ya miaka, na zilikuwa juu tu.

Basi tumejibu. Umri wa sarafu hauonyeshi kina chake. Sarafu iliyopotea mara nyingi iko katika shubiri ya kwanza.

Na detekta je? Chombo hiki hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikigusa metali, chombo hulia. Kwa sarafu moja ndogo, vyombo vya kawaida husikia sentimeta 15 hadi 30 hivi. Udongo mwekundu wenye chuma hukivuruga. Kwetu Buhaya wazee waliyeyusha chuma tangu kale, na mabaki yake yamejaa ardhini. Kwa hiyo mtu akikuambia ameona sarafu futi sita chini, mwulize ameionaje.

Tena kuna hatari. Detekta hailii kwa fedha tu. Hulia kwa msumari, na hulia kwa bomu. Mkoa wetu ulipitiwa na Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Mwezi wa Novemba 2017 bomu lililipuka katika shule ya msingi wilayani Ngara, likaua wanafunzi. Mtoto alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikigonge. Fukuza watoto, kaite polisi.

Na tusisahau kwamba katika vibanja vyetu wamelala wazee wetu. Anayechimba ovyo huchimba makaburi.

Jambo la mwisho. Ninyi mmejifunza kusoma kitabu. Udongo nao husomwa. Kule Katuruka, Maruku, wataalamu walichimba taratibu, tabaka kwa tabaka. Wazee wa pale waliwaonyesha mahali. Ndivyo tulivyojua kwamba chuma kiliyeyushwa hapa karibu miaka 2,000 iliyopita. Kama mtu angalikuwa amechimba ovyo, ukurasa huo ungalichanika. Ndiyo maana iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hairuhusiwi kuchimba vitu vya kale bila kibali. Ukikuta kitu cha kale sana, toa taarifa kwa viongozi wako. Andika ulikipata wapi, na chini kiasi gani. Sasa kuandika mnajua!

Mama yetu amekwisha andika: "Heller 10, 1910. Chini ya mgomba, nyuma ya jiko. Jembe moja." Karatasi na sarafu vimo katika bahasha moja. Yule kijana yumo darasani leo. Jumamosi tutakwenda na majembe kumsaidia kufukia shimo la baba yake. Kila mmoja aje na chipukizi moja la mgomba.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni mambo gani hufunika sarafu, na yapi huirudisha juu?
2. Mgeni mwenye detekta akija kwako, utamwuliza nini?
3. Ukikuta chuma usichokijua shambani, utafanya nini?