Mbuyu Huchanua Usiku

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za ua la mbuyu. Wengi wenu mmekula mabuyu tangu utoto, lakini ni wachache waliopata kuliona ua lake likifunguka, maana hufunguka magharibi, watu warudipo majumbani.

Mjomba wangu alikuwa na mbuyu shambani. Zamani ulizaa sana. Kisha ukawa unachanua tu, usizae. Watu wakasema umegeuka dume, naye akaazimu kuukata. Nikamwomba angoje jioni moja.

Jua lilipokuchwa tukaketi chini yake. Matumba yaliyoning'inia kwa vikonyo virefu yakafunguka mbele ya macho yetu, kila ua na majani yake 5 meupe. Katikati mlikuwa na mamia ya nyuzi zenye unga laini uitwao chavua. Hiyo ndiyo sehemu ya kiume. Na kati ya nyuzi hizo ulichomoza uzi mmoja mrefu, ambao ncha yake hupokea chavua. Hiyo ndiyo sehemu ya kike.

"Kumbe dume na jike wamo katika ua moja!" akasema mjomba.

Ndivyo ilivyo. Mipapai mingi huwa ama dume ama jike, lakini mbuyu sivyo. Urefu wa ule uzi wa kati hutofautiana mti kwa mti, wala hiyo si sababu ya kuuita mti dume.

Basi kwa nini hauzai? Chavua ya mbuyu haiufai mti wenyewe. Sharti itoke mbuyu mwingine. Huku kwetu wachukuzi wake ni popo walao matunda. Kusini mwa Afrika ni nondo wakubwa. Weupe wa ua na harufu yake kali huwaita gizani. Nao hawana muda mrefu, kwa kuwa kesho yake ua hunyauka na kuanguka. Huko Afrika ya Kusini wataalamu waliitwaa chavua ya mibuyu mingine, wakaitia kwa mkono katika maua ya miti iliyoitwa madume. Taarifa yao ya mwaka 2017 yasema kwamba miti hiyo ilizaa.

Usiku ule popo alikuja, akanywa maji matamu ya ua, akaondoka na chavua kifuani. Nikamwuliza mjomba, "Huyu ametoka mbuyu gani?"

Akanyamaza. Kisha akakumbuka mibuyu miwili iliyokatwa ng'ambo ya mto, muda mfupi kabla mti wake haujaacha kuzaa.

Hakuukata. Mvua ziliponyesha alipanda mbegu za mbuyu ng'ambo ile, ingawa alijua kwamba miaka mingi itapita kabla hazijatoa ua la kwanza.

Basi, wasikilizaji, kabla hamjautia shoka mti usiozaa, ulizeni kwanza jirani zake wako wapi. Kwaherini.