Kifua Kikuu na Fangasi kwa Mgonjwa Mmoja

Mgonjwa wa VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuandamwa na bakteria wa kifua kikuu na fangasi wa kriptokokasi kwa wakati mmoja. Fangasi hao hukaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Huvutwa kwa pumzi, kisha husambaa hadi kwenye ubongo.

Wakifika huko, kichwa huuma kwa siku nyingi, shingo hukakamaa, mwanga huumiza macho.

Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wagonjwa 1,999 wa VVU wenye CD4 (seli za kinga) chini ya 200. Kundi lililopimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani lilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28 kuliko kundi lingine.

Mwenye dalili hizo afikishwe kituo cha afya mapema, apimwe magonjwa yote mawili.