Hesabu ya Kazi Iwe Mikononi mwa Wawili

Jambo tunalotaka kulizungumza nanyi leo ni usimamizi wa watu kazini. Wengi wakisikia maneno hayo hudhani ya kuwa ni elimu ya wakubwa wa maofisini tu, wenye makarani na makabati ya mafaili. Sivyo hata kidogo. Mtu ye yote aliyemwajiri mwenziwe, hata akiwa mmoja tu wa kuchunga ng'ombe au kubeba magunia, amekwisha kuwa msimamizi wa watu, apende asipende. Na mtu ye yote aliyeajiriwa yampasa kujua namna anavyostahili kusimamiwa.

Sisi tulio hapa Makanyagio, katika mji wa Mpanda, tumezaliwa na kulelewa kando ya kazi za mshahara. Reli itokayo Kaliua ilifika hapa na kufunguliwa mwaka 1950, na sababu yake kubwa ilikuwa mgodi wa madini ya risasi uliochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ukabaki, na watu wakabaki. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Tunazo mashine za kukoboa mpunga, maduka, gereji, nyumba za wageni, na huko nje ya mji machimbo madogo ya dhahabu. Kila mahali pa namna hiyo pana mwenye kazi na mtenda kazi. Na mara nyingi kati yao hapana kitu ila neno la mdomo. Neno hilo hupendeza siku ya kwanza. Siku ya kuachana kila mmoja hulikumbuka kwa namna yake.

Basi neno letu la leo ni moja, nalo ni hili: hesabu ya kazi iwe mikononi mwa wote wawili. Mengine yote ya usimamizi mwema hutoka katika shina hilo.

Ili mpate kuona maana yake, na tukumbuke kwanza kadi ya kipande. Tangu wakati wa Wajerumani, na kwa miaka mingi chini ya Waingereza, mashamba ya mkonge yaliwalipa watu kwa kadi yenye nafasi 30. Mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa kwa siku moja, kadi yake ilitiwa alama. Alama 30 zilipotimia, ndipo alipopata mshahara wake. Kwa kuitazama tu, kadi ile yaonekana kuwa ya haki: kazi ya siku 30, mshahara wa siku 30. Lakini jiulizeni, kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Msimamizi ndiye aliyepima kazi, ndiye aliyesema imekwisha au haikwisha, na ndiye aliyetia alama. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri, kisha akaambiwa ya kuwa mistari yake haikutimia, siku yake yote ilikuwa imekwenda bure. Jasho lilitoka, alama haikuandikwa.

Wengi wa watu hao walitoka pande zetu hizi za magharibi na za kusini, wakaenda mbali mpaka Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chama cha kutafuta wafanyakazi kilichoitwa Silabu, nacho kiliwaandika watu huko Kigoma na penginepo na kuwasafirisha mpaka mashambani. Watu wale waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Fikirini maana ya jina hilo. Mtu mwenye jina la baba yake, mwenye ukoo na kijiji, huitwa kwa namba! Hapo twajifunza ya kuwa daftari peke yake halitoshi. Mashamba yale yalikuwa na madaftari mengi, namba nyingi na kadi nyingi. Kilichokosekana ni kwamba mfanyakazi hakuwa na sauti juu ya kilichoandikwa.

Nako kukosa sauti huzaa mgomo. Mnamo Septemba mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi, na mgomo ule ukafuata njia ya reli mpaka miji ya bara. Baadaye shauri lao likapelekwa mbele ya wasuluhishi, na mishahara ya watu wa bandarini ikaongezwa. Angalieni basi: maneno ambayo yangaliweza kusikilizwa mezani yalikuja kusikilizwa baada ya meli kusimama na mizigo kulala. Msimamizi mwenye busara husikiliza mapema, maana kusikiliza mapema ni rahisi kuliko kusikiliza kwa kuchelewa.

Tena msidhani ya kuwa jambo hili ni la wakoloni tu. Mwaka 1971, miaka kumi baada ya Uhuru, chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ilikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa watu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliwasimamia kidete mameneja wao kwa kuishika ibara hiyo. Wengi wao hawakudai fedha peke yake. Walilalamikia matusi na kudharauliwa. Kumbe mtu aweza kulipwa mshahara wake kamili, na bado akawa hajalipwa heshima yake.

Sasa na tuje nyumbani. Tuseme mtu mmoja wa mtaani kwetu ana mashine ya kukoboa mpunga, naye ataka kijana wa kumsaidia. Afanyeje ili awe msimamizi mwema?

Jambo la kwanza ni kuchagua. Amchague mtu kwa sababu ya kazi yenyewe, wala si kwa sababu ya kabila, dini, au kuwa mtoto wa shemeji. Aseme wazi kazi ni ipi na yahitaji nini, kisha awapime wote waliokuja kwa kipimo kile kile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi katika kazi, na yakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto wa umri huo mahali pake ni shuleni.

Jambo la pili ni kupatana. Wazee wetu walipoalikana kulima, mwenye shamba alionyesha mpaka kabla jembe halijainuliwa. Vivyo hivyo sheria yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo yaliyoandikwa: kazi yake ni ipi, yaanza lini, ni ya muda gani, mahali gani, saa ngapi kwa siku, na mshahara ni kiasi gani. Na mfanyakazi asiyeelewa maandishi hayo lazima aelezwe kwa namna atakayoielewa. Tena sikilizeni vema neno hili, ninyi mlio waajiri: shauri likifika mbele ya wasuluhishi, na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yale yanayodaiwa humwangukia yeye. Kwa hiyo karatasi ile humlinda mfanyakazi, na humlinda mwajiri pia. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni saa za kazi na mapumziko. Sheria yasema siku zisipite 6 kwa juma, na saa za kawaida zisipite 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Wanafunzi, gawanyeni 45 kwa 6. Mtapata saa saba na nusu kwa siku. Saa zinazozidi zahitaji mapatano, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa za kawaida. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate dakika 60 za kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua hupata siku 84 zenye malipo, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja hupata siku 100. Mambo hayo si fadhila. Mashine yenyewe huzimwa na kutiwa mafuta. Itakuwaje mwanadamu asipumzike?

Jambo la nne ni kufundisha. Kijana akiwekwa mbele ya mkanda wa mashine unaozunguka, pasipo kuonyeshwa namna ya kujilinda, aliyemweka amemtia hatarini mtu wa watu. Afundishwe hatua kwa hatua: aone, ajaribu mbele ya mwenye kujua, kisha aachiwe. Watu wengine huogopa wakisema, "Nikimfundisha atajua, kisha ataondoka." Nasi twawauliza: usipomfundisha, kisha akabaki, je, utakuwa umepata faida gani?

Jambo la tano ni malipo. Mshahara utolewe siku iliyopatanwa, uhesabiwe mbele ya macho ya mwenyewe, na kila mmoja abaki na karatasi yake. Wala mwajiri asikate fedha kwa hasira. Tuseme gunia moja la mchele limepotea. Yampasa mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, na apate ridhaa yake kwa maandishi. Na hata hapo kinachokatwa kisizidi hasara yenyewe, wala kisipite robo ya mshahara. Akikata mshahara wote kwa siku moja, nyumba nzima ya mtu hulala njaa kwa ajili ya gunia ambalo labda hakulichukua yeye.

Jambo la sita ni maonyo. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: kuwahi, kutunza vyombo, kusema kweli, na kutofanya kazi kwa macho ya bwana tu. Akikosa, aonywe. Lakini mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Aambiwe kosa lake waziwazi, apewe muda wa kujitayarisha, na aruhusiwe kuwa na mwenziwe wa kumsaidia kueleza. Onyo litolewe faraghani, likatazame kosa, lisiguse wazazi wala kabila ya mtu. Sisi walimu twajua ya kuwa darasa linalotawaliwa kwa matusi hukaa kimya mwalimu akiwapo, na huharibika akitoka. Kazini ni vivyo hivyo.

Jambo la saba, nalo husahauliwa mno, ni kuagana. Mtu aweza kuachishwa kazi, lakini sheria yataka vitu viwili kwa pamoja: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kimoja bila cha pili hakitoshi. Anayelipwa kwa mwezi apewe taarifa ya siku 28, ikiwa amekwisha kupita mwezi wake wa kwanza. Na mwajiri amwachishapo mtu aliyetumika miezi 12 au zaidi, pasipo kosa lake la nidhamu, humpa malipo ya siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka 10. Kwa hiyo kijana wetu wa mashine, akiwa ametumika miaka 6, atapewa malipo ya siku 42. Apewe vilevile cheti cha utumishi, ili mahali pengine wajue alikuwa wapi na alifanya nini. Mgodi wa Mpanda ulipofungwa, ujuzi wa fundi haukufungwa pamoja nao. Fundi huondoka na mikono yake. Cheti ni ushahidi wa mikono hiyo.

Na ikiwa wameshindwa kuelewana? Wasiende kupigana, wala wasikate tamaa. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili ya mashauri ya kazi. Aliyeachishwa kazi na kuona amedhulumiwa anazo siku 30 za kupeleka shauri lake. Siku hizo hupita upesi. Wengi hukaa nyumbani wakingoja bwana akunjue uso, mpaka muda ukawapita. Asiyejua kuandika amwendee anayejua. Wala sisi walimu tusione taabu kumwandikia jirani barua ya namna hiyo.

Labda wenye kazi mtasema ya kuwa haya yote ni mazito kwa mtu mwenye mashine moja tu. Twawajibu ya kuwa mwanzo wake ni mwepesi kabisa. Nunueni madaftari mawili ya shule. Moja likae kwa mwajiri, moja kwa mfanyakazi. Katika ukurasa wa kwanza wa yote mawili andikeni mapatano, kisha wote watie sahihi. Kila jioni andikeni tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na fedha iliyotolewa kama ipo. Kila mmoja atie alama katika daftari la mwenziwe. Kazi hiyo haitapita dakika mbili. Na ninyi wanafunzi, kama baba au mama aajiri mtu, au yeye mwenyewe ameajiriwa naye hajui kusoma, hapo ndipo elimu yenu inapotakiwa nyumbani: mshikieni daftari.

Kadi ya nafasi 30 imekwisha kupita. Lakini desturi yake ya kuiacha kalamu mkononi mwa mtu mmoja haijapita katika maduka yetu, mashamba yetu na machimbo yetu. Siku ambayo mtu ameifanyia kazi ni mali yake, kama vile mahindi ni mali ya aliyeyalima. Anayeifuta ameiba, na anayeiandika kwa haki amejenga nyumba yake na ya mwenziwe.