Nyungunyungu na Choo cha Nyumbani
Maneno kwa Wenyeji wa Kapkatet



Jambo nililo nalo leo si la kusemwa mezani, lakini kila nyumba inalo. Hapa Kapkatet mashamba ni madogo, na chai imefika mpaka ukutani. Choo cha shimo kikijaa, mwenye nyumba hutafuta pa kuchimba tena, asipaone ila karibu na chemchemi ambako jirani huteka maji. Na mvua ya Kericho, mwaijua, haipumziki sana.

Iko njia nyingine, ambayo shirika la Oxfam limeijaribu katika Liberia na Ethiopia. Badala ya shimo refu hujengwa tangi fupi. Chini hutiwa kokoto, juu yake vipande vya mbao, kisha nyungunyungu wekundu, kilo moja au mbili. Si wale wakubwa mnaowafukua kwa jembe, bali ni wadogo wenye milia, wapendao lundo la samadi. Maji huchuja kwenye kokoto na kuingia katika shimo la kunywea. Kinyesi hubaki juu, nao hukila na kukigeuza kuwa udongo mweusi. Kinachobaki ni kidogo, hata tangi huweza kukaa miaka kadhaa bila kuzolewa. Ubaridi wa vilima hivi wawafaa kuliko joto la Mombasa.

Viumbe hawa wataka unyevu, kwa hiyo kila atokaye chooni amwage maji kidogo. Tena wanaye adui, naye ni desturi yetu njema: majivu. Mama aliyezoea kuyamwaga shimoni ili kufukuza nzi atawaua watumishi wake mwenyewe. Dawa kali za kusafishia ni vivyo hivyo.

Sasa lililo kubwa. Udongo ule hauna harufu mbaya, na mtu atautamani kwa sukuma wiki yake. Asithubutu! Mayai ya minyoo ya tumbo hayaonekani kwa macho, wala hatuwezi kuwategemea nyungunyungu kuyamaliza. Kwa nchi za baridi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 washauri kinyesi kitunzwe kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Basi uwekeni chini ya paa, mbali na watoto na kuku, miaka miwili kamili, kisha uende kwenye miti ya kuni.

Shimo la kunywea nalo liwe chini ya chemchemi, tena mbali nayo si chini ya mita 30. Kabla ya kununua hata tofali moja, mwite afisa wa afya, mchimbe kishimo na kukijaza maji. Yakilala humo mpaka asubuhi, usijenge hapo.