Fedha ya Watu Mikononi Mwetu

Mada iliyotolewa kwa wanachama wa Dar es Salaam baada ya Misa ya shukrani



Tumeombwa tuseme juu ya kuishi imani yetu ya Kikatoliki katika maisha ya kila siku. Sisi si makatekista. Kazi yetu ni hesabu, na tunaifanyia humu humu mjini, kati ya ofisi za Magogoni na maduka ya Kariakoo. Mambo ya sala na sakramenti tunamwachia Baba, aliyeyasomea. Sisi tutasema ya fedha, na hasa fedha ya aina moja: ile iliyo mikononi mwetu lakini si yetu.

Katika vitabu vya hesabu fedha hiyo ina mahali pake. Haiandikwi kwenye mapato, inaandikwa kwenye madeni, hata kama iko benki kwa jina lako na hakuna anayekudai leo. Mhasibu akiihamisha kutoka kwenye madeni kuipeleka kwenye mapato, biashara inaonekana imepata faida, kumbe imekula cha watu. Sasa, wengi wetu hapa Jumapili tuko vizuri sana. Zaka tunatoa, kwaya tunaimba, sare za WAWATA na UWAKA zimepigwa pasi. Kwenye jumuiya tunahudhuria. Maaskofu wa ukanda wetu walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ndizo ziwe msingi wa uchungaji, walitaka imani ishuke mpaka mitaani, nyumba kwa nyumba. Kweli imeshuka mpaka sebuleni. Dukani na ofisini bado inabisha hodi.

Tuchukue mfano ambao kila mmoja anaujua. Unaingia duka la jumla Kariakoo, unachagua mzigo, mnapatana. Kabla hujatoa hela unaulizwa, "Na risiti au bila risiti?" Bei ziko mbili. Mzigo wa 100,000 ukiwa na risiti ni 118,000, kwa sababu VAT ni asilimia 18. Ile 18,000 haikuwa ya mwenye duka hata dakika moja. Anayetoza bei kamili kisha asitoe risiti amechukua fedha ya watu akaiweka mfukoni mwake. Na mnunuzi anayesema "bila risiti, bosi wangu" naye ana sehemu yake. Mnunuzi huyo huyo ndiye anayetupigia simu wiki inayofuata, analalamika kwamba mama yake ameandikiwa dawa nyumbani na dawa hakuna.

Hatusemi kodi zote ni nyepesi au kila mkaguzi ni malaika. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka mpaka Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza, na baadhi ya waliyoyasema hata sisi wahasibu tungeyasema. Lakini kufunga duka mchana kweupe na kusema "kodi hii inatuumiza" ni jambo moja, na kupokea 18,000 ya watu kisha kunyamaza ni jambo lingine kabisa. Kanisa halijawahi kutukataza lile la kwanza.

La pili linatugusa zaidi, maana linahusu watoto wa kwetu. Vijana wanaosimama dukani kwetu, wadada wanaolea watoto wetu, wengi tumewachukua wenyewe nyumbani. Tulikwenda kwa wazazi wao, tukakaa, tukakaribishwa mbege, tukasema, "Tutakaa naye kama mwanetu." Akifika mjini, uwanetu huo ndio unaotumika kumnyima mshahara. Anaambiwa anakula hapa, analala hapa, fedha anataka za nini?

Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika waraka wake juu ya wafanyakazi, Rerum Novarum, mwaka 1891. Ni miaka ile ile wamisionari wa Roho Mtakatifu walipokuwa wanaanza kazi Kilema. Kwa hiyo fundisho la mshahara wa haki lina umri sawa na misheni yetu. Halikuja juzi na wanaharakati.

Tuliweke kwa tarakimu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kijana wa 300,000 anakatwa 30,000, mwajiri anaongeza 30,000, zinapelekwa 60,000 kila mwezi. Katika miaka mitano ni 3,600,000 kabla ya faida yoyote. Wapo waajiri wanaokata ile 30,000 na kuionyesha vizuri kabisa kwenye karatasi ya mshahara, ila haifiki kokote. Kijana akiumia au akiachishwa, anakwenda kuulizia akiba yake anakuta jina halipo. Tumekutana na vitabu vya namna hiyo katika kazi zetu, na mara nyingine ukutani juu ya kaunta kulikuwa na picha ya Bikira Maria.

Wazee wetu waliokaa mbele hapa jambo hili wanalijua kuliko sisi, ila wao walilijua kwa kahawa. KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, mkulima alipeleka kahawa yake chama cha msingi, ikapimwa, akaandikiwa stakabadhi, akapokea malipo ya kwanza. Malipo ya pili yalikuja baada ya kahawa kuuzwa, pengine miezi mingi baadaye. Katikati hapo jasho la familia nzima lilikuwa mikononi mwa watu wengine: karani wa mizani, katibu, meneja. Karani alijulikana kijiji kizima kuwa ni wa namna gani. Mzani wake ukiwa mwaminifu, watu walileta. Ukivuta kilo moja hapa, nusu kilo kule, watu waliibeba kahawa usiku wakauza kwingine. Karani yule Jumapili alikaa nao benchi moja kanisani, na hakuna aliyehitaji kuuliza imani yake imefika wapi.

Na aliyekuwa Rais KNCU yetu ilipovunjwa mwaka 1976 pamoja na vyama vingine vya ushirika, ofisi yake ilikuwa hapa hapa Magogoni. Tunajua wapo wazee ambao mpaka leo hawajamsamehe kwa hilo, na vijiji vya miaka ile viliumiza watu wengi. Lakini kwa mada ya leo hatuwezi kumruka Mwalimu Nyerere. Alibatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima, akafundisha shule ya Mtakatifu Fransisko kule Pugu, na mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha mshahara. Aliingia Ikulu, na Misa hakuiacha. Watu wa mji huu walizoea kumwona kanisani.

Sisi wahasibu tunamwangalia kwa jicho letu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga kupelekwa jeshini, mishahara ya wakubwa nayo ikaingia katika ugomvi. Mwalimu aliwarudisha wanafunzi nyumbani kwao kwa ukali, lakini pia akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asimiliki hisa. Unaweza kulipinga Azimio kama sera ya uchumi, na sisi tuna maoni yetu kuhusu hilo. Lakini fedha ya nchi nzima ilipita mikononi mwake zaidi ya miaka ishirini, na aliporudi Butiama baada ya 1985 hata mahasimu wake, waliomlaumu kwa mambo mengi, wizi hawakuutaja. Jimbo la Musoma lilipoanza mwaka 2005 mchakato wa kumwombea atangazwe mwenyeheri, wengine walicheka, wakasema mwanasiasa hawezi. Kwetu sisi swali hilo ni jepesi: kama mtakatifu hawezi kutoka kwenye ofisi yenye fedha za watu, basi sisi sote tunaoshika kalamu, droo na mizani tunasali bure.

Zakayo naye alikuwa mtu wa kodi. Alipompokea Yesu nyumbani kwake hakuahidi kuongeza rozari. Alipiga hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Baba Padre atatusahihisha kama tunakosea, lakini kitubio bila kurudisha cha mtu hakijakamilika, hata ukipewa Salamu Maria hamsini.

Sasa tufike nyumbani kwetu, maana mkutano huu ni wa harambee na Mwenyekiti ameanza kuangalia saa.

Mwaka jana tulisimama mmoja mmoja tukataja ahadi kwa ajili ya paa la zahanati. Tulipigiwa makofi, wengine tulizungushwa ukumbi kwa vigelegele. Kamati ya nyumbani iliandika kila jina, ikamwita fundi. Fundi akachukua mbao na mabati kwa mkopo, kwa sababu aliambiwa, "Wana wa Kilema walioko Dar wameahidi." Paa limekwisha. Mvua za masika zimelikuta liko juu, akina mama hawasubiri tena kwenye maji. Sehemu kubwa ya ahadi haijalipwa, na mwenye duka la mabati anamdai fundi, hatudai sisi.

Kiuhasibu ni hivi. Siku ile ukumbini ahadi ilikuwa neno. Fundi alipopanda kwenye kenchi kwa sababu ya neno lile, ikawa deni. Ile laki moja au laki tatu tunayoiona kwenye simu zetu tukidhani ni yetu, ni ya fundi. Ina watoto wake wanaosubiri ada.

Aliyepatwa na msiba, ugonjwa, au biashara iliyoanguka, aje aseme. Ahadi itapunguzwa au itafutwa, na jina lake halitasomwa. Hilo kamati imelikubali. Asiyeweza kwa mkupuo alipe kidogo kidogo: watu mia moja wakitoa 10,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 12,000,000. Ahadi mpya za leo tunaomba ziwe za kiasi ambacho mtu angekitaja hata kama kusingekuwa na vigelegele. Na upande wetu, kila shilingi itaandikiwa risiti, na hesabu zote, pamoja na nauli za wajumbe, zitasomwa Kilema mwezi Desemba mbele ya watu wote, wazee wakiwa na haki ya kuuliza wanachotaka.

Fundi ameambiwa atamaliziwa fedha yake kabla ya Krismasi. Mweka hazina amekaa meza ya karibu na mlango, na kitabu cha risiti anacho.