Maji Hufuata Kipimo Gani?

Hotuba kwa wakulima wa Kianjai, Meru



Kila aliyepata kuchimba mfereji ajua kwamba maji hayadanganyiki. Tangi likiwa juu kuliko banio, hata kwa kiasi kidogo, maji hayafiki. Lakini siku hizi wengi hupima urefu wa mahali kwa chombo cha satelaiti au kwa simu, na tarakimu zake zaweza kumpotosha mtu, ingawa chombo chenyewe ni kizima.

Dunia si mviringo kamili. Huku kwetu, karibu na Ikweta, imefura: kutoka kitovu chake mpaka usawa wa bahari ni kilometa 6,378, bali kwenye ncha ya kaskazini ni kilometa 6,357. Wapimaji wameitungia umbo laini la hesabu, mfano wa chungwa lililobanwa juu na chini, na satelaiti huhesabu urefu kutoka umbo hilo.

Maji hayalijui umbo hilo. Hufuata uvutano wa dunia, nao haulingani kila mahali. Mlima mkubwa huvuta. Penye miamba myepesi chini ya ardhi uvutano hupungua. Hata timazi ya mwashi karibu na Mlima Kenya huelekea mlimani, ila kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mwaka 1933 na 1934 Mwingereza E. C. Bullard alizunguka Afrika Mashariki akipima jambo hili kwa pendulamu, ambayo hupunga polepole pale uvutano ulipo haba.

Basi fikirini bahari imetulia, haina upepo wala kupwa na kujaa, na maji yake yamepita chini ya nchi kavu mpaka hapa Kianjai. Uso wa maji hayo ndio uitwao jioidi. Una vilima na mabonde. Kusini ya Sri Lanka umebonyea zaidi ya mita 100 chini ya umbo la hesabu. Mombasa hukaribia mita 30, na Nairobi karibu nusu ya hizo.

Sasa tuseme kamati ya maji imechukua urefu wa banio katika ramani, ambayo huhesabu kutoka usawa wa bahari, kisha ikapima mahali pa tangi kwa satelaiti. Kwa kuwa kwetu jioidi iko chini ya umbo la hesabu, satelaiti hutaja tarakimu ndogo kuliko ramani. Tangi litaonekana liko bondeni kwa mita kadhaa zisizokuwapo. Mabomba yatanunuliwa kwa michango ya watu, yatafukiwa, na maji yatasimama njiani. Wengine watasema fundi amekula fedha!

Simu nyingine hurekebisha tofauti hiyo zenyewe, nyingine hazirekebishi, na kwa kuzitazama tu huwezi kuzitambua. Kwa hiyo pimeni ncha zote mbili kwa chombo kimoja na kwa hesabu moja. Kwa mwendo mfupi jioidi hubadilika kidogo tu. Lakini mteremko ukiwa haba, na mlima uko karibu, kidogo hicho nacho huhesabiwa. Hapo afadhali mpimaji aifuate njia yote ya bomba kwa miguu, na chombo chake cha kupimia usawa.

Aliye na shaka juu ya tarakimu alizopewa na amwendee mpima ardhi kabla mabomba hayajanunuliwa.